Kura za Makopa

Boza la kwanza kupotea lilipotea mchana kweupe, likiwa na maji tumboni na bila mtu hata mmoja wa kulaumiwa, maana halikuwa na dereva. Liliiacha lami pale Namidondi kama mtu aliyekumbuka kuwa kaacha sufuria motoni, likaingia njia ya vichakani, likakaa huko muda wa kupika ugali na mboga yake, kisha likarudi barabarani kwa adabu zote na kuendelea na safari hadi mgodini. Kule mgodini wakafungua koki, wakangoja. Likatoka tone. Likatoka la pili. Cha tatu kutoka hakikuwa tone, alikuwa chura.

Chura yule ndiye aliyemfanya Skolastika Mkwinda atumwe Namidondi. Maboza mengine yalikuwa yameanza kufuata nyayo za lile la kwanza, na Mhandisi Chinguile, mkuu wake katika kampuni ya Mstari Mweupe, alimwita ofisini Mtwara akamwekea mezani picha ya chura kama mwendesha mashtaka anavyoweka kielelezo.

"Hii nini, Skola?"

"Chura, bosi."

"Najua ni chura. Nauliza kapandia kituo gani."

Swali hilo lilimuuma Skolastika, kwa sababu jicho la maboza yale yeye ndiye aliyelilea. Wenzake walikuwa wamelea watoto. Yeye alilea jicho. Alilionyesha picha za barabara asubuhi, jioni, penye vumbi, penye mvua, penye vivuli vya mikorosho, mpaka likajua kuutambua mstari popote ulipojificha. Kampuni nzima ilisimama juu ya ujuzi huo. Magari yake hayakuhitaji waya ardhini wala setilaiti angani. Gari lilifungua jicho, likautafuta mstari mweupe, likaufuata. Ukutani, juu ya kichwa cha Chinguile, palikuwa na bango: MSTARI NDIO SHERIA.

"Nenda kaangalie," alisema Chinguile. "Kama ni maradhi ya jicho, litibu. Kama ni wezi, niletee majina, polisi watamalizia."

* * *

Alifika Namidondi kwa pikipiki ya umeme, koo limekauka kama gunzi. Uwanda ule wa juu hauna mto wala chemchemi. Maji yote yako chini bondeni, na bonde liko mbali kiasi kwamba mtu akiteremka na ndoo anarudi amesahau alichokifuata. Barabara ilikuwa nzuri, nyeusi, imenyooka. Kando yake, juu ya lami yenyewe, yalikuwa yameanikwa makopa.

Hilo halikumshangaza. Kila mtu wa kusini anajua kwamba hakuna jamvi linalokausha muhogo kama lami. Unamenya, unapasua, unapanga vipande jua linapokolea, na jioni vinagongana kama mifupa. Kilichomshangaza ni jinsi haya yalivyopangwa. Hayakumwagwa tu. Yalikwenda safu moja, kipande na mwenzake, sambamba na mstari wa rangi. Kisha, mbele kidogo ya mkorosho mmoja mkubwa, safu ile ikauacha mstari taratibu, ikajikunja kwa mkunjo laini kabisa, ikaivuka lami na kuingia njia ya kijijini.

Skolastika alisimamisha pikipiki, akatoa kishikwambi chake na kukiinua mbele ya uso. Kishikwambi kile kiliuona ulimwengu kama boza linavyouona. Miti ikapotea, nyumba zikapotea, yakabaki madoa na mistari.

Jicho haliuoni mstari kama wewe unavyouona. Linaona madoa. Kila doa jeupe lililopakana na weusi linaulizwa: je, wewe ungeweza kuwa mwanachama wa mstari upi? Sasa, doa moja linaweza kupitiwa na mistari chungu nzima, kwa hiyo linaipigia yote kura. La pili nalo hivyo hivyo, na la tatu. Mistari mingi inaambulia kura moja moja na kufa na aibu yake. Ule unaopita katika madoa mengi kwa pamoja unajaza sanduku, unatangazwa mshindi, na gari linaufuata. Uchaguzi huo unarudiwa upya kabla hujamaliza kupepesa ukope, hauna kampeni wala rufaa. Skolastika alikuwa akiuringia sana. Rangi ikichubuka, mstari ukikatika, kura za madoa yaliyosalia zinatosha kuziba pengo. Hakuwahi kujiuliza ingekuwaje siku wapiga kura wakiwa mihogo.

Na mihogo ile ilikuwa imejitokeza kwa wingi. Mstari halali wa kampuni, uliochakaa kwa jua, ulikuwa na kura za kuokoteza. Mkunjo wa makopa uling'aa kwenye kioo kama mkufu wa harusi.

Akajikuta anacheka peke yake.

"Unayapiga picha makopa yangu, unataka kuyaoa?"

Aliyesema hivyo alikuwa amesimama nyuma yake, mwanamke wa makamo ya bibi, mrefu, kajifunga kanga kifuani na nyingine kiunoni, mkononi ameshika ufagio wa chelewa. Hakuonekana mtu aliyefumaniwa. Alionekana mtu aliyechelewa kufumaniwa.

"Shikamoo, bibi. Mimi natoka Mstari Mweupe."

"Marahaba. Nimeshajua, shati lako limeandikwa. Mimi Fidea Nangomwa, mwenyekiti wa kikundi cha makopa." Akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Sasa mke mwenza, unatufunga leo leo au utakula kwanza?"

Skolastika alitaka kukaza uso, uso ukakataa. "Nani alikufundisheni kupinda mstari?"

"Siafu."

"Siafu?"

"Siafu, ndiyo. Walikuwa wanavuka barabara, jeshi zima, na mimi nimeshaanika nusu. Nikasema siwezi kugombana na siafu kwa ajili ya muhogo. Nikapinda safu nikawakwepa, nikamalizia kule njiani kwetu. Nimegeuza mgongo tu, nasikia nyuma yangu vuuu! Nageuka, naona boza linanifuata kama mbwa aliyesikia harufu ya samaki. Nikakimbia. Nalo hilo! Likanifuata mpaka uani, makopa yakaisha, likasimama." Bi Fidea alisimika ufagio chini kama mkuki. "Nikaliambia, karibu mgeni. Halikujibu. Nikafungua koki."

"Lile lilikuwa na maji ya watu, bibi."

"Watu gani? Ya kuoshea mawe!"

Hapo utani ukamtoka usoni. Akamweleza Skolastika mambo ambayo hayakuwa kwenye faili lolote la Mtwara. Kwamba pampu iliyokuwa ikipandisha maji hadi Namidondi ilifungwa siku mgodi ulipozungushia uzio chemchemi za bondeni. Kwamba hata hivyo hawakufa, kwa sababu wakati huo maboza yalikuwa bado na madereva, na dereva ni mtu. Akifika penye ule mkorosho mkubwa anapiga honi, wanawake wanatoka na ndoo, anawagawia, anapewa karanga, anaulizwa hali ya mkewe, anaondoka. Hakuna aliyeandika utaratibu huo popote. Ulikuwepo tu, kama salamu.

"Halafu mkaleta haya yenu yasiyo na mtu," alisema Bi Fidea. "Tukasimama barabarani na ndoo zetu. Linasimama. Linatungoja tuondoke, tukiondoka linakwenda zake. Halitukani, halicheki. Sasa asiyekutukana wala kukucheka utamwombaje?"

Skolastika alitazama jinsi mkunjo wa makopa ulivyokaa kwenye kioo, laini, hauna hata kona moja ya kutia shaka. Alijua anachopaswa kufanya: kuyakusanya papo hapo. Badala yake akaruhusu udadisi umshinde. Mzazi akisikia mwanawe anadanganyika, hutaka kuona kwa macho yake anavyodanganyika.

"Boza la leo linapita saa ngapi?"

"Halina saa. Likipenda sasa hivi, likipenda jua likiegemea," alisema Bi Fidea, akatabasamu na meno yote. "Twende ukae kivulini. Utaona mambo."

* * *

Njia ya makopa iliishia uani kwa kikundi, mbele ya shimo kubwa lililochimbwa kwa majembe na kutandikwa turubai la buluu. Wanawake walikuwa wamelizunguka na ndoo, madumu, mapipa, beseni za harusi. Mmoja alikuja na kitanda cha mtoto kilichotandikwa nailoni. Wote walielekeza masikio barabarani. Mngurumo ulipokuja, vigelegele vikapanda.

Skolastika, aliyekuwa amelisikiliza boza miaka mingi, ndiye pekee aliyesikia kwamba mngurumo ule haukuwa na uzito wa maji.

Lililojitokeza mkunjoni halikuwa boza. Lilikuwa basi. Basi la Mstari Mweupe, lenye jicho lile lile alilolilea, limejaa wanakwaya waliovalia majoho ya zambarau, nao wanaimba kwa nguvu zote, bila habari kwamba wameshaiacha barabara. Na jicho la basi halikuona shimo. Jicho halikufundishwa kutazama mashimo. Lilifundishwa kutazama mistari, na mstari ulikuwa unasema mbele kwa mbele, tena basi halina uzito wa maji, lilikuja kasi kuliko boza lolote.

Hakufikiri. Alikimbia, si kulielekea basi, kwa kuwa jicho humtambua mtu akishakaribia na kwa kasi ile breki zingechelewa, bali kuyaelekea makopa, akaingia katikati ya safu na kuanza kuyapiga mateke. Yakaruka kulia, yakaruka kushoto. Alikuwa anaharibu uchaguzi kwa miguu yake: kura hii kule, kura ile huku, mpaka pasiwe na mstari hata mmoja unaoweza kujitangaza mshindi. Jicho likikosa mshindi, gari hufunga breki. Hilo alilifundisha yeye mwenyewe, na sasa alikuwa akiomba Mungu jicho liwe lilikuwa linasikiliza.

Basi likalia, likaserereka, likasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yananing'inia juu ya turubai, yanazunguka polepole kama yanayojiuliza. Ndani, wimbo ulikuwa umegeuka mayowe, isipokuwa sauti moja ya besi iliyoendelea na beti hadi mwisho kwa sababu mwenyewe alikuwa amefumba macho.

Waliwashusha kwa mlango wa nyuma. Mwalimu wa kwaya, Bwana Mpelumbe, mtu mfupi mwenye fimbo ya kuongozea nyimbo, aliteremka akajikung'uta joho, akawatazama wanawake na ndoo zao.

"Samahani. Hapa ndipo penye kongamano la kwaya?"

"Hapana, baba," alisema Bi Fidea. "Hapa ndipo penye kiu."

Watu wakacheka kwa ile namna ya kucheka ya walionusurika. Kisha wakaacha, kwa sababu mama mmoja wa sauti ya pili alikuwa ameketi chini, ameushika mkono wake wa kulia, na kifundo kilikuwa kimekaa upande usio wake. Hakulia. Alikuwa akimwuliza kila anayepita kama atapona kabla ya msimu wa kupalilia.

Bi Fidea mwenyewe ndiye aliyeufunga mkono ule, kwa kipande cha kanga yake na vijiti viwili. Alipomaliza hakusimama upesi.

* * *

Simu ya Chinguile ilikuwa imeshaita mara kadhaa. Skolastika aliipokea akiwa amekaa juu ya pikipiki.

"Basi langu liko wapi, Skola?"

"Lipo, bosi. Limeinama kidogo."

"Nini kimelipoteza?"

"Makopa."

"Ziba tundu hilo sasa hivi," alisema Chinguile. "Halafu nataka majina." Akakata.

Bi Fidea alikuwa amesikia yote. Hakuwa mtu wa kujifanya hakusikia. "Basi ziba," alisema. "Ukimaliza utuzibe na makoo."

"Nitaliziba, bibi. Umemwona yule mama."

"Nimemwona. Nimemfunga mimi."

"Leo ni turubai. Kesho mtu wa kule ukingoni mwa mteremko atasikia habari zenu, naye ataanika ya kwake, na kule hakuna shimo la turubai. Kule kuna korongo."

"Walishasikia," alisema Bi Fidea kwa sauti ya chini. "Dada wa watu alikuja juzi kujifunza kupanga."

Skolastika aliwasha kishikwambi. Moyo wake ulikuwa umeshaamua jambo la kwanza, nalo halikuwa na mjadala: jicho lisingeongozwa tena na muhogo. Lakini jambo la pili lilimkalia kama mfupa kooni. Akiziba na kuondoka, Namidondi itakuwa imekufa kiu kwa ustadi wake. Asipoziba, mtu atakufa kwa uzembe wake. Na katika mambo hayo mawili, kampuni ilikuwa ikimlipa afanye moja tu.

Alianza na lile la kwanza. Kopa, hata dogo, lina unene, na chenye unene kina kivuli. Rangi haina. Basi akaliwekea jicho sharti jipya: kila doa, kabla ya kupiga kura, lionyeshe kama lina kivuli, lenye kivuli lifutwe kwenye orodha ya wapiga kura. Wanawake walimsaidia kwa shingo upande. Waligeuza makopa, wakayasimamisha, wakayalaza, wakayaweka juani na kivulini mwa mkorosho, na kila mara jicho likajifunza. Walikuwa kama watu wanaonoa kisu cha kuchinjia mbuzi wao wenyewe. Jioni ilikuwa bado mbali kidogo alipopima mara ya mwisho, na kwenye kioo mkufu wa harusi ukazimika.

"Tayari?" aliuliza Bi Fidea.

"Hilo tayari. Sasa nani ana chokaa?"

"Chokaa ya nini?"

Kule mgodini, alieleza Skolastika, penye uwanja wa kushushia, imechorwa pete kubwa nyeupe chini. Boza lenye mzigo likiiona pete linasimama juu yake na kujifungulia koki lenyewe. Basi halijali pete, kwa kuwa halina cha kushusha. Na pete si mali ya mgodi. Pete ni alama. Mhandisi yeyote wa kampuni anaweza kuchora na kuisajili, mradi aweke jina lake.

Bi Fidea alikunja uso. "Kwa hiyo tutachukua maji yao, ila kwa chokaa badala ya makopa. Huo nao si wizi?"

Skolastika alifikiri. Hakutaka kumdanganya, wala kujidanganya. "Sijui, bibi. Ninachojua ni kwamba mwizi hatii saini."

Bi Fidea akageuka akapaza sauti: "Nyie! Ile chokaa iliyobaki ya zahanati iko wapi? Na gundi ya muhogo ipikwe, isije ikaoshwa na umande!"

Kigingi hakikuweza kuingia kwenye lami, kwa hiyo Bi Fidea akajitolea kuwa kigingi. Alisimama katikati ya barabara ameshika ncha ya kamba, na Skolastika akashika ncha nyingine na brashi, akaanza kuzunguka. Wanakwaya, waliokuwa hawana pa kwenda, walikaa kwenye ukingo wakiimba ili brashi iende kwa mwendo mmoja. Lingekuwa jambo zuri sana kama kigingi kingenyamaza. Lakini kigingi kilikuwa kinatoa amri kwa wapika gundi, kikageuka kumjibu huyu, kikapiga hatua kumkaripia yule, na pete ilipofunga ilikuwa yai.

Kishikwambi kikaikataa. Jicho hutafuta duara kwa namna yake: kila kipande cha mkunjo kinanyoosha kidole kuelekea pale kinapodhani ni katikati, na vidole vingi vikikutana mahali pamoja, hapo ndipo kitovu. Vipande vya yai lile vilinyoosha vidole kila upande, kama watu wanaoulizwa nani kavunja chungu.

"Bibi, umesogea."

"Mimi? Sijasogea!"

"Amesogea!" waliitikia wanakwaya, kwa sauti nne.

Ikafutwa, ikachorwa upya. Safari hii Bi Fidea alifumba mdomo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na watu wa Namidondi waliokuwepo wanaapa kuwa hawajawahi kuona ukimya wa gharama namna ile. Pete ikafunga. Vidole vyote vikaenda mahali pamoja.

Kilichobaki ni kiasi cha maji ya kushusha. "Nusu," alisema Bi Fidea, akipumua hatimaye.

"Fungu la kumi."

"La kumi! Wewe umetoka wapi, mwanangu?"

"Fungu la kumi kwa kila boza, bibi, na yanapita kila siku. Hata Mungu hajadai zaidi ya hapo."

"Hapo," alisema Bwana Mpelumbe, akiinua fimbo yake, "kanisa linamuunga mkono."

Skolastika aliandika kiasi. Chini yake kishikwambi kikauliza jina la mhandisi mwenye dhamana. Kidole chake kilikaa hewani kidogo tu, kama mtu anayepima joto la maji kabla ya kuoga. Kisha akaandika jina lake lote, la ubatizo na la babu, akabonyeza.

* * *

Boza lilitokea jua likiwa limeanza kuegemea. Skolastika alikuwa amekataza makopa yaondolewe: yalirudishwa yote kwenye mkunjo wake, kuelekea uani, na nyuma ya basi, lililokuwa bado limeinamia shimo, alikuwa ameegesha pikipiki yake mwenyewe iwe kizuizi. Alitaka kujua mambo mawili kwa mpigo, kwamba uongo umekufa na kwamba ukweli umezaliwa.

Kwenye kioo, makopa yalijitokeza kupiga kura, yakafutwa, moja baada ya jingine. Mstari wa zamani, ule uliochakaa, ukashinda kwa kura zake chache za haki. Boza likapita mdomo wa njia ya kijijini bila hata kugeuza uso.

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akaanza kuokota ndoo yake.

Magurudumu ya mbele yakaikanyaga pete, yakaivuka. Bi Fidea alimkamata Skolastika mkono, na kucha zikamwingia. Boza likazidi kwenda, likazidi kwenda, likapunguza, likasimama, tumbo lake juu ya kitovu hasa. Likatulia kama kuku anayefikiria yai. Kisha chini yake kikasikika kitu kikijifungua, na maji yakaja.

Sitaeleza kelele zilizofuata, ingawa yasemekana zilisikika ng'ambo ya bonde na watu wa huko wakadhani kuna mwali anatolewa. Ndoo zilijaa, madumu yalijaa, kitanda cha mtoto kilijaa. Mama wa sauti ya pili alinyweshwa kwanza kuliko wote. Fungu lilipotimia, koki ikajifunga yenyewe, na boza likaondoka kama lilivyokuja, bila kuuliza hali ya mke wa mtu.

Simu ikaita. Skolastika alijifuta chokaa viganjani, akapokea.

"Skola." Sauti ya Chinguile ilikuwa ya upole, na upole wake ulitisha kuliko ukali. "Naona pete Namidondi. Imesajiliwa kwa jina lako. Sasa nisikilize vizuri: kishikwambi chako kimeibiwa. Wanakijiji wamekupora, wakasajili wenyewe. Sema hivyo tu, unitajie majina, wewe kesho uko kazini kama kawaida."

Mbele yake Bi Fidea alikuwa akimwagia maji mtu mwingine miguuni, eti amtoe vumbi, na huyo mtu alikuwa akipiga kelele kwamba maji hayo ni ya kunywa.

"Sijaporwa, bosi. Nimechora mwenyewe, nina chokaa mpaka kwenye nywele. Lile tundu nimeliziba, hakuna gari litakalofuata makopa tena. Hilo ulilonituma nimelifanya."

"Na hili ambalo sikukutuma?"

"Hilo ni langu."

"Nitaifuta."

"Unaweza," alisema Skolastika. "Lakini kanuni unaijua, uliipitisha wewe, ili mtu asifute kituo kwa bahati mbaya akiwa ofisini. Anayeifuta pete lazima awe amesimama juu yake."

Simuni ulisikika mlango wa huko Mtwara ukifunguka na kufungwa.

"Basi njoo usimame, bosi," alisema Skolastika. "Tupo."

Akakata simu. Akachukua ndoo moja iliyokuwa bado tupu, akaigeuza kifudifudi kando ya pete, upande ambao gari la mtu atokaye Mtwara lingetokea, akaikalia.